Kuupa Mto Mgongo

Jua lilichomoza likawakuta watu wa Nyasorani wamejipanga ukingoni mwa Mto Kirumera, na kila mmoja ameupa mto mgongo.

Ndivyo ilivyotakiwa. Ningu, samaki wa ziwani, anapopanda mto huwa amebeba mayai, na mwenye mimba hatazamwi anapokwenda kujifungua. Siku ya kuwapisha hakuna kuteka maji, hakuna kufua, hakuna kugeuka. Mwenyekiti Majura alitazama mashamba. Mchungaji alitazama mashamba. Hata Bwana Rweyongeza, mjumbe wa kampuni ya bwawa, aliyefika jana yake kwa gari lisilo na dereva, alitazama mashamba, ingawa shingo ilionekana kumwasha.

Aliyekuwa karibu zaidi na maji ni Nyakwesi. Yeye ndiye Msikilizaji, na Msikilizaji husimama visigino vikiwa ndani ya maji. Mkononi alishika fimbo ya mninga aliyorithi kwa mama yake, Bibi Nyamisi, ambaye sasa magoti yalimkatalia na macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya binti yake.

"Bado?" Bibi aliuliza.

"Bado, mama."

"Nimeungoja mto huu tangu ukuta ulipojengwa, wewe hujazaliwa. Lakini kiti hiki kitaniua kabla ya saa mbili."

Mtu mmoja nyuma yao akachekea puani. Bibi akaridhika.

Nyakwesi hakucheka. Kesho yake angepaswa kunywa maji ya mto mbele ya mkutano na kusema neno moja: wamepita, au hawajapita. Neno hilo lilikuwa halijasemwa kwa karibu nusu karne, kwa sababu ukuta wa bwawa ulikuwa umeziba njia. Ukuta ulibomolewa kiangazi cha mwaka juzi. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: ningu wakirudi kufikia masika ya pili, mto unabaki huru. Wasiporudi, kampuni inarudi na saruji yake. Kampuni ilitaka vihesabio vya chini ya maji vitoe jibu. Nyakwesi ndiye aliyesimama akasema vihesabio peke yake havitoshi, watu wa Kirumera huamini Msikilizaji. Kampuni ikakubali vyote viwili.

Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo ndani ya bwawa lile tangu alipotoka chuoni na stashahada yake. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu walibomoe. "Tutakosa umeme na barafu," aliwaambia. "Tutakosa mpunga wa pili. Mimi nitakosa mshahara. Tutapata ningu." Walimwamini kwa sababu hakupamba. Na yeye alikuwa na mtu wa kumwamini: Mektilda, bintiye wa pekee, aliyerudi na shahada ya samaki kuja kuusimamia mradi wa kuwarudisha.

Sauti ilianzia mbali, kwenye kona ya mto. Mwanzoni ilikuwa kama mpishi anayepiga kofi dogo juu ya unga uliokandwa. Kisha makofi mawili. Kisha mengi, yakipishana, yakipanda, mpaka maji yote nyuma ya visigino vya Nyakwesi yakawa yanazungumza.

Bibi Nyamisi alimshika kiwiko kwa nguvu ambazo Nyakwesi hakujua bado anazo.

"Nyakwesi. Ndio wenyewe. Hivi hivi. Hivi hivi walivyokuwa."

Machozi yalimtiririka bibi na hakuyafuta. Wanawake waliziba midomo kwa viganja ili vigelegele visitoke, maana siku ya kuwapisha hata furaha hunyamaza. Manyama, mwenye kiwanda cha barafu kilichofungwa umeme ulipokatika, alipiga magoti akiyatazama mahindi yake. Nyakwesi naye, mtu asiyelia hovyo, akajikuta analia.

Akajifuta kwa ncha ya kanga. Alipofumbua macho, akawaona minandi.

Walikuwa wamejaa juu ya nguzo za zamani za umeme, zile zilizobaki bila waya baada ya bwawa kufa. Katika Nyasorani nzima, wao tu ndio waliokuwa wakiutazama mto. Mnandi ni ndege mlafi. Akiona kivuli cha samaki huanguka kama jiwe. Nyuma ya Nyakwesi maji yalikuwa yanachemka samaki, na minandi walikaa. Mmoja alinyoosha shingo, akatazama chini, akaanza kujichokoa manyoya. Furukombe, tai mla samaki, aliyekuwa juu kabisa ya nguzo aliruka, akaenda zake ziwani.

Ndege hana siku ya kuwapisha. Nyakwesi alisimama hapo mpaka sauti ilipoisha, akiwatazama minandi tu, na kila aliyempita akamshika bega akidhani ni furaha iliyomgandisha.

*

Watu walirudi majumbani kupika. Nyakwesi akafuata njia ya juu, ile aliyoipita kila asubuhi alipokuwa akienda kazini, mpaka mahali ulipokuwa ukuta. Pande zote mbili za mto visiki vya zege vilisimama kama meno yaliyobaki kinywani mwa mzee. Katikati maji yalipita, mekundu kwa tope.

Mektilda alikuwa kwenye maji mafupi, suruali imekunjwa, akiokota samaki mmoja mmoja na kuwapanga kwenye kreti. Samaki hawakurukaruka. Kila alipomshika mmoja alimbonyeza chini ya tumbo, na mkia ukatulia.

Nyakwesi aliwajua. Aliwahi kuonyeshwa darasani, pamoja na kijiji kizima. Waliitwa watangulizi, samaki wa kuundwa: ngozi ya mpira, mkia wa nyuzi laini zinazojikunja zenyewe, na tumboni kidonge kinachoachia taratibu harufu ya changarawe za mto wa juu. Mektilda alieleza siku ile kwamba ningu hufuata njia aliyopita mama yake, na sasa ziwani hakuna ningu hata mmoja mwenye kuijua njia ya Kirumera. Watoto wa ningu waliolelewa kwenye matangi wangefundishwa kuwafuata watangulizi, na watangulizi wangewaonyesha njia mara moja tu. Baada ya hapo mto ungekuwa na kumbukumbu yake. Watu walipiga makofi. Nyakwesi alipiga kuliko wote.

"Ningu wazima wako wapi?" akauliza.

Mektilda alishtuka, akasimama wima. "Mama. Leo hukutakiwa kuja huku."

"Sikutakiwa kugeuka. Kutembea sikukatazwa. Nimeuliza, wazima wako wapi?"

Binti akatazama kreti. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni. Sahani ikivunjika, aliitazama sahani.

"Walifika mdomoni mwa mto," akasema. "Walikuja vizuri, wanawafuata watangulizi kama tulivyowafundisha. Halafu wakakutana na tope. Tope lote lililokuwa limelala nyuma ya ukuta, mama. Harufu yake inaishinda ya kwetu. Waligeuka. Wote."

"Lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu umekaa mezani kwangu unakula ugali."

Mektilda akatoka majini. "Nisikilize kwanza. Tope linaisha. Masika mbili, labda tatu, mto unajisafisha wenyewe. Hilo nina hakika nalo. Lakini kampuni haitangoja. Umemwona Rweyongeza? Kwenye miwani yake ya kompyuta anayo picha ya ukuta mpya, tayari. Wakijenga mwaka huu, ningu waliobaki ziwani watakwisha kabla hajapatikana mtu wa kuubomoa tena. Mimi nilihitaji muda tu."

"Ungesema."

"Kwa nani? Kwake?"

"Kwangu."

Upepo ulipita kwenye matete. Mektilda alijibu kwa sauti ya chini, na Nyakwesi baadaye alitamani asingejibu kabisa.

"Ungejua, usingeweza kuyanywa yale maji. Nakufahamu. Nilifanya hivi ili usiwe mwongo, mama. Ungesema unachokiamini. Nilikulinda."

"Ulitaka niwe mjinga, siyo mwongo."

"Nilitaka mto ubaki."

Nyakwesi aliinama akaokota mtangulizi mmoja. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Akamgeuza. Kwenye mapezi ya kifua palikuwa na vibao viwili vyembamba ambavyo hakuvikumbuka.

"Hivi ni vya nini? Ulituambia wanapita chini kwa chini, kimya."

Mektilda akaitazama kreti tena.

Haikuwa lazima ajibu. Kiangazi chote, kila jioni, msichana huyu aliketi barazani na bibi yake, beseni la maji katikati yao. Alipiga maji kwa kiganja na kuuliza: ilikuwa hivi, bibi, au hivi? Na Bibi Nyamisi, ambaye humwita mjukuu wake mke mwenzangu kama bibi wote, alimjibu: polepole, mke mwenzangu, ningu haendi kugombania maji ya bomba. Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nyakwesi aliwapelekea chai. Alisimama mlangoni akiwatazama na kumshukuru Mungu kwamba elimu haikumfanya mwanawe awadharau wazee.

Leo asubuhi bibi alikuwa ameisikia kumbukumbu yake mwenyewe ikipita majini, akaililia.

Nyakwesi alimfunga mtangulizi kwenye ncha ya kanga, akaanza kuondoka.

"Mama," Mektilda aliita nyuma yake. "Kesho ukisema hawajapita, ukuta umeujenga wewe. Kwa mkono wako."

*

Asubuhi bibi aliamka anaimba. Alitaka avalishwe gauni la kanisani.

Nyakwesi alimfunga vifungo taratibu, kimoja kimoja, akilipima jambo lile jinsi fundi anavyopima bomba linalovuja. Akisema wamepita, mto unabaki, na huenda binti yake yuko sahihi kuhusu tope. Pengine ndani ya masika mbili ningu wa kweli wangefika na hakuna ambaye angejua. Lakini masika ijayo angeitwa tena kusimama na visigino majini, na kusema tena, na ile inayofuata vilevile. Uongo hauna miguu yake. Aliyeuzaa ndiye wa kuubeba. Na Bibi Nyamisi angezikwa akiamini alichoshuhudia, na Nyakwesi ndiye angemzika nacho.

Akisema hawajapita, kampuni inajenga.

"Mbona mikono yako baridi?" bibi aliuliza.

"Maji ya kunawia yalikuwa baridi, mama."

Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na aliuona jinsi ulivyotoka kirahisi. Ulimtisha.

Mkutano ulifanyika ndani ya kiwanda cha barafu, kwa sababu ndilo jengo pekee kubwa. Paneli za jua walizopewa ziliwasha taa na kuchaji simu; mitambo ya barafu zilishindwa kuiendesha, nayo ilikuwa pembeni imefunikwa turubai. Bwana Rweyongeza alisimama akasema vihesabio vimeonyesha samaki wengi kuliko mradi ulivyotarajia. Aliongea kama mtu aliyepoteza mchezo lakini ana adabu. Watu wakanong'ona kwa furaha. Mektilda alikuwa amesimama karibu na mlango, amekunja mikono.

"Sasa," akasema Mwenyekiti Majura, akimgeukia Nyakwesi, "Mama Meki, tunakuomba neno."

Walimpa kibuyu. Nyakwesi alikunywa chote. Yalikuwa maji mazito, yenye chumvi ya udongo, na ladha ya kitu kilichooza zamani kikafunikwa. Hapo akamwelewa ningu aliyegeuka.

"Hawajapita," akasema.

Kwanza hakuna aliyesikia. Walikuwa wameshajiandaa kushangilia neno lingine, na mwanamke mmoja alikwisha kupiga nusu ya kigelegele. Nyakwesi akafungua kanga, akamweka mtangulizi juu ya meza, akambonyeza chini ya tumbo. Mkia ukajikunja, na vile vibao vya kifuani vikaanza kupiga meza. Pa, pa-pa.

"Hawa ndio mliowasikia jana. Samaki wa mtambo, wameundwa wapige maji. Wa kweli walifika mdomoni wakagomea tope, wakarudi ziwani. Aliyejua hakutuambia. Alijua kwamba jana hakuna ambaye angegeuka kutazama, kwa sababu amezaliwa hapa. Ni mwanangu."

Kelele zilizoinuka zilikuwa za aina nyingi. Manyama alisimama juu ya benchi.

"Mama Meki! Nilizima mashine zangu kwa neno lako. Ulikuja nyumbani kwangu, ukakaa kwenye kochi langu."

"Nilikaa," Nyakwesi alisema. "Sina la kukuambia, Manyama. Na mimi niliambiwa."

"Nipeni huyo samaki," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha plastiki.

Kelele zikapungua. Walimletea Bibi Nyamisi beseni lenye maji, mtangulizi akawekwa humo. Akazunguka beseni, akipiga. Bibi aliinamisha kichwa, sikio karibu na maji.

"Mke mwenzangu yuko wapi?"

Mektilda alisogea, akachuchumaa mbele yake. "Nipo, bibi."

"Sauti ni ile ile. Hujakosea hata kidogo." Mkono wa bibi ulitafuta uso wa mjukuu, ukaupata. "Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna ile. Hata marehemu babu yako. Jioni zote zile nilikuwa nasema, huyu mtoto ananipenda."

"Nakupenda, bibi."

"Sasa nitajuaje?" bibi aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

Mektilda akaushika mkono wa bibi, akaukandamiza shavuni.

Majura alikuwa kiongozi mzuri kwa sababu alijua wakati wa kuwapa watu kazi. Alimwomba Bwana Rweyongeza aseme kama kampuni inaweza kuongeza muda, masika mbili, tope litoke. Rweyongeza akavua miwani yake, akaifuta.

"Ningeombwa hivyo mwezi uliopita, ningelibeba ombi hilo kwa moyo mmoja," akasema. "Leo nitaulizwa swali moja tu huko nikifika. Hiyo habari ya tope imesemwa na nani? Imesemwa na yule yule aliyeleta samaki wa mpira. Nitahitaji mtu wa kuidhamini. Mtu mmoja ambaye wote hapa mnamwamini, aniambie kwamba safari hii binti anasema kweli."

Vichwa vyote viligeuka kwa Nyakwesi. Hata Manyama. Walikuwa wamemkasirikia na bado walimwamini. Maji yalikuwa bado yanang'aa kidevuni mwake. Neno lake moja lingetosha.

Akamtazama bintiye. Msichana alikuwa amechuchumaa bado, kiganja cha bibi shavuni, na macho yake yalikuwa yanaomba bila haya. Nyakwesi aliyatafuta mle ndani mambo ambayo mama huyajua: anapodanganya hufanya nini, anaposema kweli hufanya nini. Siku zote alidhani anayo orodha hiyo kichwani. Wiki tatu za ugali zilikuwa zimemwonyesha kwamba hana.

"Mto naudhamini," akasema. "Nimeufanyia kazi, naujua, najua tope huwa linatoka. Lakini kama hesabu zake ni za kweli, na kama ni masika mbili au kumi, sijui. Mtoto simdhamini."

Rweyongeza alivaa miwani. "Basi nitabeba hayo ulivyoyasema," alijibu. "Ila nisikufiche, mama. Wapimaji wa ukuta mpya watakuja kiangazi."

*

Alasiri Nyakwesi alipanda tena hadi kwenye visiki vya zege. Mektilda alikuwa amekwisha kuwakusanya watangulizi wote isipokuwa mmoja. Huyo mnandi alimzamia wakiwa wanatazama, akaibuka naye mdomoni, akamgeuza mara mbili, akamtema kwenye maji mafupi. Mektilda akaenda kumwokota.

"Ungesema neno moja tu, mama," alisema akiwa amempa mgongo.

"Nilisema neno moja."

"Nilikuwa sahihi kuhusu tope. Utaona."

"Huenda. Nami ningependa kuona." Nyakwesi alikunja kanga yake, akaifunga kiunoni. "Kreti hii unaibebaje peke yako?"

"Kwa kuburuta."

"Utaipasua."

Alishika mpini wa mbele. Mektilda akashika wa nyuma. Wakaanza kushuka na njia ya zamani ya kazini, mzigo ukining'inia kati yao, mama akiwa ametangulia. Kwenye mteremko wenye utelezi angeweza kugeuka kumwambia angalia hapo, kama alivyomwambia maisha yake yote. Hakugeuka. Alikwenda huku ameyaelekeza macho mashambani, akisikiliza hatua zilizokuwa zikija nyuma yake, akijitahidi kutambua ni za nani.